Hesabu ya Mkonge

Nilifika Mlimani Julai 1970, mwezi uleule tawi la Dar es Salaam lilipoachana na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki likawa chuo kikuu kamili. Majengo yalikuwa bado mageni juu ya kilima. Chuo kilihamia pale mwaka 1964 kikitokea kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kutoka mjini ulipanda basi la DMT, ukapita Magomeni na Manzese, na ukishuka Ubungo bila kubahatika gari la kuelekea chuoni, ulipandisha kwa miguu, sanduku kichwani. Wasichana tulikuwa wachache. Mimi nilitoka Shule ya Wasichana Tabora, na kabla ya hapo nyumbani Kasulu, ambako msichana aliyeendelea na shule hadi miaka kumi na saba aliangaliwa kama mzigo uliochelewa kufika mnadani.

Watu wa mjini hawakutupenda sana wanafunzi wa chuo kikuu, na sababu walikuwa nayo. Oktoba 1966 waliotutangulia waliandamana na majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na bango mojawapo lilidai kwamba afadhali hata mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu mia nne, na papo hapo akatangaza kupunguza mishahara ya wakubwa serikalini, akianza na wake. Februari iliyofuata likaja Azimio la Arusha. Basi sisi tuliingia katika nyumba ambayo mzee amekwisha kukasirika, na kila mgeni alitakiwa aonyeshe kwamba hana majivuno. Kazi ngumu hiyo. Tulipikiwa, mashuka tulifuliwa, na wakati huohuo tuliandika insha juu ya unyonyaji wa mkulima.

Lakini palikuwa na moto pale. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto walikuwa na chama chao, USARF, kilichoanzishwa mwaka 1967 chini ya uenyekiti wa kijana kutoka magharibi mwa Uganda, Yoweri Museveni, na walikuwa na jarida lao, Cheche, lililochapwa kwa stensili na kubanwa pini. Humo ndimo Issa Shivji, akiwa bado mwanafunzi wa sheria, alipotoa uchambuzi wake wa matabaka ya Tanzania mwaka ule wa 1970, na walimu wakamjibu kama mwenzao. Jumapili, wengine wakienda kanisani, kulikuwa na darasa la itikadi. Mimi niliwahi kulionja kidogo tu. Novemba serikali ikakipiga marufuku chama pamoja na jarida, kwa maelezo kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, na kwamba jina la Cheche lilinukia Urusi. Januari 1971 vijana wakaanzisha jarida jingine chini ya mwavuli wa TANU, wakaliita MajiMaji. Hilo hakuna aliyethubutu kusema limeazimwa.

Mwalimu aliyekuwa karibu na vijana hao, na ambaye jina lake lilitajwa mezani pa chakula kila siku, alikuwa Dokta Walter Rodney. Alikuwa na miaka 28. Alikuwa na ndevu na miwani, na ukimkuta njiani ungemdhania mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyechelewa darasa. Wengine walimwita Komredi Walter; mimi, kwa malezi ya kwetu, sikuweza. Nilimwita Mwalimu hadi mwisho.

Habari zake tulizipata kwa wakubwa zetu chuoni. Alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942, mtoto wa fundi cherehani. Mama yake naye alikuwa mshonaji. Utotoni aligawa vipeperushi vya chama cha PPP mlango kwa mlango, na aliwahi kusema kwamba aliwajua matajiri kwa njia ya mbwa wao. Alipata shahada ya kwanza ya historia Mona, Jamaika, kisha akaenda London, SOAS, akamaliza uzamivu mwaka 1966 akiwa na miaka 24. Kwa ajili ya tasnifu ile alijifunza Kireno na Kihispania, akaenda kuchokoa nyaraka za Lisbon na Seville, akaandika historia ya pwani ya Upper Guinea kuanzia 1545 hadi 1800. Hoja yake mojawapo iliwachoma wengi: utumwa wa ndani ambao Wazungu walidai waliukuta Afrika Magharibi, sehemu kubwa ulikuzwa na biashara yao wenyewe. Alifundisha Dar es Salaam kwa muda mfupi, 1966 hadi 1967, akarudi Jamaika. Kule, badala ya kukaa na maprofesa, alikwenda kuketi chini na Marastafari na watu wa mitaa ya mabati akiwasimulia historia ya Afrika. Oktoba 1968 alipotoka mkutanoni Montreal, serikali ya Jamaika ilimkatalia kushuka kwenye ndege. Kesho yake Kingston ikawaka. Ndipo aliporejea kwetu mwaka 1969 na mkewe Patricia, muuguzi.

Hata kwetu hakupokelewa kwa mikono miwili na wote. Desemba mwaka huo alitoa hotuba kwenye semina ya vijana mjini, akisema uhuru wa bendera ni jambo na ukombozi ni jambo jingine. Gazeti la chama, The Nationalist, likamrarua kwa tahariri ambayo wengi waliamini imetoka kwenye kalamu ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Rodney alijibu kwa adabu, na akaendelea na kazi. Ukifikiri vizuri, ni jambo la kushangaza kwa nchi zote mbili zile: Jamaika ilimfungia mlango kwa maneno, sisi tulimgombeza gazetini na mwisho wa mwezi tukamlipa mshahara.

Idara ya Historia tuliyoikuta ilikuwa na fahari yake. Terence Ranger alikuwa ameijenga tangu mwanzo, akaondoka 1969. Isaria Kimambo na Arnold Temu walikuwa wametoa kitabu chao cha historia ya Tanzania mwaka huohuo. John Iliffe alikuwa akijaza daftari kwa daftari juu ya Majimaji na kilimo. Fahari ya idara ilikuwa kuonyesha kwamba Mwafrika alitenda, hakutendwa tu. Tulipenda sana historia hiyo. Kila kabila lilipata shujaa wake. Rodney hakuipinga, alikaa nayo meza moja, ila swali lake lilikuwa la aina nyingine: kama babu zetu walitenda yote hayo, mbona wajukuu ni maskini? Na nani alipata kile ambacho hawa walikikosa?

Mara ya kwanza nilipomsikia, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Hakuwa mtu wa kupayuka. Alizungumza kwa mpangilio, sentensi moja ikiishika nyingine mkono, na jambo zito alilisema bila kupandisha sauti. Kilichonibana siku ile ni hesabu, itikadi nilikwisha kuizoea. Alichukua mchimba makaa wa Enugu, Nigeria, ambaye enzi ya ukoloni alilipwa shilingi moja kwa siku nzima ya kuchimba chini ya ardhi, akamweka kando ya mchimba makaa wa Uskochi, ambaye kwa saa moja alikaribia kupata kile ambacho yule wa Enugu alikipata kwa wiki ya siku sita. Makaa ni yaleyale. Giza la shimo ni lilelile. Halafu akauliza tofauti ile ilikwenda wapi, akaanza kuifuata kupitia kwa wenye meli, wenye benki, na viwanda vya sabuni vilivyonunua mafuta ya mawese, hadi kwenye shule na hospitali za Ulaya.

Mimi nilikuwa nakaa na kufikiri juu ya Data. Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kiha, Data. Data alikuwa manamba.

Alikwenda mkonge kwa mara ya kwanza mapema miaka ya hamsini, wakati vita vya Korea vilipopandisha bei ya singa hadi wenye mashamba wa Tanga wakawa wanachekelea. Wakala wa SILABU, ile ofisi ya waajiri wa mkonge iliyoundwa mwaka 1944, alifika Kasulu kuandikisha watu. Waliandikishwa, wakapimwa, wakapewa blanketi, wakapakiwa treni Kigoma. Kutoka Morogoro walichukuliwa kwa malori hadi upande wa Korogwe. Mimi nilikuwa bado mgongoni kwa mama. Nilichokijua juu ya mkonge utotoni ni vitu vitatu: baiskeli ya Raleigh iliyoning'inizwa darini wakati wa mvua, makovu ya miiba kwenye mikono ya Data, na kikohozi kilichoingia nyumbani pamoja na baiskeli. Kwamba vitu hivyo ni historia sikuwa na habari. Historia ilikuwa Mirambo na Mkwawa.

Mwaka wa tatu tulitakiwa kuandika insha ndefu yenye utafiti wetu. Wakati ule Rodney na baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wanafanyia kazi vibarua wahamiaji wa mkonge: nani alitoka wapi, kwa nini, kwa masharti gani. Nikasema na mimi nitaingia humo. Nikashinda katika Nyaraka za Taifa nikisoma ripoti za mwaka za Idara ya Kazi, karatasi zilizoandikwa na mabwana shauri kwa lugha ya upole ajabu. Mtu aliyetoroka mkataba ameandikwa kama ng'ombe aliyepotea. Humo ndimo nilipoona jambo ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kunieleza. Pande nyingine za nchi zilipewa zao la kuuza: Bukoba walipata kahawa, Usukumani pamba, Uchagani kahawa tena. Kigoma hakukupelekwa zao lolote la kuuza. Kodi ya kichwa ililipwa Kigoma kama kwingine. Sasa mtu asiye na zao la kuuza, na ana kodi ya kulipa kwa fedha taslimu, anauza nini? Anajiuza mwenyewe kwa miezi. Haikuhitaji mjeledi. Ilihitaji ramani tu, na afisa anayejua wapi pa kupeleka miche ya kahawa na wapi pa kuacha.

Mkonge wenyewe haukuwa wa kwetu. Daktari mmoja wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida. Miche elfu moja ilisafirishwa, iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 ukatoka utajiri wa Tanga, na nusu karne baadaye Tanganyika ikawa ndiyo inayoongoza duniani kwa singa. Sehemu kubwa ya kamba ile ilikwenda kufunga nyasi na ngano katika mashamba ya Ulaya na Amerika. Miaka ya sitini zilipokuja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na Korogwe ikanyamaza. Rodney alikuwa hodari wa kuunganisha mambo kama haya, mkulima wa Kanada asiyemjua mtu wa Kasulu, na mtu wa Kasulu asiyejua Kanada iko wapi, na uzi mmoja kati yao.

Likizo nikaenda kumhoji Data. Nilijiandaa na daftari na maswali niliyoyapanga kisomi. Alinisikiliza, akamaliza kusafisha kiko chake, akasema, "Mwanangu, umetoka Dar es Salaam kuja kuniuliza kama nilichoka?"

Lakini alieleza, jioni baada ya jioni, mbele ya mama ambaye naye alikuwa anasikia mengine kwa mara ya kwanza. Alieleza kipande: kadi ya siku 30 za kazi, na siku isiyokamilika haikuandikwa. Ukikata mafungu yako ya majani thelathini thelathini ukapungukiwa machache jua likazama, msimamizi anaipita siku yako kana kwamba hukuamka. Kwa hiyo mwezi wa mwajiri na mwezi wa mbinguni haikulingana hata siku moja. Alieleza korona, mashine ile ya kuchakata majani, na harufu ya maji yake ambayo hata ukioga haitoki. Alieleza msimamizi mmoja aliyehesabu mafungu kwa fimbo na kila mara fimbo ikapotewa na mawili.

Nikamuuliza kwa nini alikwenda. "Kodi." Kwa nini alirudi mara ya pili, wakati kodi ingelipika kwa njia nyingine? Hapo akacheka. Mara ya pili, alisema, hakupitia kwa wakala. Alikwenda kwa nauli yake na wenzake kadhaa, bila mkataba, kwa sababu mtu asiye na mkataba anaweza kuchagua shamba. Walikuwa wanaulizana njiani kama waendao mnadani: wapi maharage yanapikwa yakaiva, wapi msimamizi si mwizi, wapi kazi ya siku ni fupi. Shamba likisifika vibaya lilikosa watu hadi meneja akabadilika. Wengine waliandikishwa kwa jina la marehemu, wakachukua blanketi, wakashuka kituo cha kwanza. Data alisimulia hayo kwa raha kubwa kuliko alivyosimulia miiba.

Nilirudi Mlimani nikiwa na daftari lisiloingia vizuri ndani ya kitabu ambacho sote tulikuwa tunakisoma mwaka huo.

Kitabu hicho, How Europe Underdeveloped Africa, kilitoka 1972, kikichapishwa pamoja na Tanzania Publishing House hapa Dar, chini ya Walter Bgoya, na Bogle-L'Ouverture kule London. Vijana wawili wa chuo, Karim Hirji na Henry Mapolu, walisoma muswada na kuukosoa, na Rodney aliwashukuru kwa majina. Katika utangulizi alikataa ile desturi ya waandishi kusema kwamba makosa yote ni yao peke yao. Kwake, kazi ya kufikiri ni ya jamii, na makosa nayo vivyo hivyo. Wahadhiri wengine waliona ni utani. Mimi niliona ni mtu anayesema anachokiamini hata pale ambapo kingemkera mhariri. Maneno ya mwisho ya kitabu yaliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu, na mwaka uleule Babu akatiwa kizuizini baada ya kuuawa kwa Mzee Karume, akakaa humo hadi 1978.

Tulikisoma kwa zamu, nakala moja mikono mingi. Nguvu yake ni upana: karne tano, bara zima, hoja moja. Wale waliosema ukoloni ulikuwa na mema na mabaya, barabara upande huu na viboko upande ule, aliwajibu kwamba mizani hiyo ni ya uongo, kwa kuwa barabara ilijengwa kuelekea bandarini. Ukipanda treni ya Kigoma utajua anasema nini. Reli imenyooka hadi Dar es Salaam. Mtu wa Kasulu anayetaka kwenda Bukoba ajue mwenyewe.

Hata hivyo upana una gharama yake. Ndani ya kitabu kile Mwafrika aliyefanya kazi anakamuliwa, sura hata sura, na wakati mwingine nilimtafuta yule anayecheka, anayeuliza habari za maharage, anayechukua blanketi na kushuka kituo cha kwanza. Sikumpata. Nakiheshimu kitabu kile, na najua kiliwafungua macho watu wengi ambao ripoti za Idara ya Kazi wasingezigusa. Lakini kama ningeulizwa Rodney alikuwa fundi wa nini, nisingekitaja hicho kwanza. Ningetaja mkono wake katika mambo madogo: ujira, kodi, mgao wa chakula, nani aliandikishwa na nani alitoroka. Aliposhika karatasi za namna hiyo alikuwa mwanahistoria wa uchumi kwelikweli, na watu walifufuka.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kumuuliza. Mwaka uleule wa 1972 aliandika makala akitetea kwamba Ujamaa wa Tanzania unaweza kusimama bega kwa bega na usoshalisti wa kisayansi. Mwaka uleule pia ikaanza Operesheni Kigoma. Maelfu ya familia zilihamishwa kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika vilimani, zikapangwa kando ya barabara. Data alikuwa miongoni mwao. Migomba yake ilibaki nyuma na nyumba iliezuliwa ili asije akarudi. Alinitumia barua iliyoandikwa na mtoto wa jirani: walikuja na lori, alisema, kama wale wa zamani, ila hawa wanaimba nyimbo za chama na blanketi hawana.

Nilikuwa na barua hiyo ndani ya kitabu cha Rodney, na Rodney alikuwa ofisini kwake, mlango wazi kama kawaida. Sikuingia. Kwa nini, ningeweza kusema ni woga, ila sidhani. Julai 1971 tulikuwa tumeona askari wa FFU wakipanda kilimani kumchukua rais wetu wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kwa sababu ya barua ya wazi kwa mkuu wa chuo, na baada ya hapo kila mtu alijifunza kupima maneno, mgeni kuliko mwenyeji. Rodney alikuwa mgeni aliyeona nchi moja barani ikijaribu kwenda njia yake, na alitaka ifaulu. Nadhani alitaka mno. Baadaye, akiwa ameondoka, alichambua matabaka ya Tanzania kwa ukali zaidi, na tabaka la watendaji halikusalimika. Lakini migomba ya Data ilikuwa imekwisha kukauka.

Aliondoka 1974. Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimempa uprofesa, na kabla hajaanza kazi, uteuzi ule ukafutwa chini ya serikali ya Forbes Burnham. Yeye akaenda vilevile. Kuhusu kuondoka kwake alieleza baadaye jambo ambalo Data angelikubali mara moja: kwamba siasa ya kweli haifanyiki mahali ambapo hujui watu wanaposema hili wanamaanisha lile, na Kiswahili chake kisingefika kwenye kina hicho. Watoto wake wa kike walizaliwa hapa, rafiki zake walikuwa hapa, na bado alijiona ni mtu wa kupita.

Guyana aliishi kwa kufundisha nje kila alipoalikwa, na kuandika, na kukaa vibarazani na wachimbaji wa boksiti wa Linden na wakata miwa, Wahindi na weusi pamoja, katika nchi ambayo wanasiasa walikula kwa kuwatenganisha. Chama chake, Working People's Alliance, kilikuwa cha wote wawili. Hilo ndilo lililomtisha Burnham, zaidi ya usoshalisti. Burnham mwenyewe alijiita msoshalisti. Tarehe 13 Juni 1980, Georgetown, Rodney alikuwa garini na mdogo wake Donald, ameshika redio ya mawasiliano aliyopewa na Gregory Smith, sajini wa jeshi. Ikalipuka. Alikuwa na miaka 38. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari wakati huo. Niliwaza Eduardo Mondlane, aliyeuawa kwa bomu la kifurushi palepale Dar es Salaam Februari 1969. Mwanahistoria anapouawa kwa mtindo wa mkuu wa FRELIMO, ujue hesabu zake zilisomwa na waliohusika.

Smith alikimbilia Guiana ya Ufaransa, akafia huko mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani. Tume ya uchunguzi iliundwa mwaka 2014, na ripoti yake ya 2016 ilionyesha mkono wa dola. Cheti cha kifo cha Rodney kwa miaka arobaini kilisema hakuwa na kazi. Mwaka 2021 serikali ya Guyana ilikubali neno hilo lirekebishwe liwe profesa.

Mwaka 1981 kikatoka kitabu chake kingine, juu ya watu wa kazi wa Guyana kuanzia 1881 hadi 1905. Nilikipata miaka kadhaa baadaye kwa mhadhiri aliyerudi kutoka masomoni. Kinaanza na udongo. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari maji yakijaa, na ili muwa uote watumwa walichimba mifereji na kuinua matuta, wakahamisha kwa koleo tani milioni 100 za udongo mzito wenye maji. Baada ya hapo wanakuja watu: wakata miwa waliogoma, wanawake wa mashambani, Wahindi wa mkataba waliojua kifungu gani cha sheria kinawapa nafasi ya kubisha. Humo nilimwona yule wa blanketi. Nilikisoma hadi usiku wa manane na nilitamani kumwandikia, na hapakuwa na wa kumwandikia.

Na mwaka 1983, kule Hamburg, ambako alifundisha mwaka 1978, kikatolewa kitabu alichokifanya na wanafunzi wake Kapepwa Tambila na Laurent Sago juu ya vibarua wa mkonge: Tanga kama sumaku ya vibarua, Kigoma kama bwawa lao. Nilikwenda maktaba ya chuo wakati wa likizo, nikanakili kwa mkono kurasa za Kigoma, nikapanda treni.

Data alikuwa mzee sasa, anakaa kwenye nyumba ya bati kando ya barabara ya kijiji kipya. Nilimsomea kwa Kiha, nikitafsiri papo kwa papo. Alitikisa kichwa kwa habari za kodi. Alitikisa kichwa kwa habari za kahawa iliyokwenda kwingine. Nilipofika kwenye masharti ya kazi na chakula akaninyamazisha kwa mkono, akamwita jirani yake, ambaye naye alikuwa mkonge miaka ileile lakini shamba jingine. "Njoo usikie, wameandika habari zetu Ulaya." Jirani akasikiliza, akasema chakula hakikuwa hivyo, kwao walipewa na samaki wakavu. Data akasema samaki gani, samaki walikuwa wa wasimamizi. Jirani akasema Data alikuwa shamba la wapumbavu, ndiyo maana. Kutoka hapo wakaingia kwenye mafungu: kazi ya siku ilikuwa mangapi, na iliongezwa mwaka gani, kabla au baada ya mgomo. Sikuwahi kusikia habari za mgomo. Nikafungua ukurasa mtupu nikaanza kuandika, na mama akaja mara mbili kusema ugali unapoa.